Kila Rota na Namba Yake

Hotuba kwa waangalizi wa vituo na wanafunzi wa hali ya hewa, Siku ya Hali ya Hewa Duniani, 23 Machi

Waheshimiwa wakuu wa vituo, walimu, waangalizi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa kule nyuma penye kivuli, salaam.

Nimekuja na vifuu vinne vya nazi. Vimeoshwa, vimefungwa kwenye fito mbili zilizopishana, na katikati pamepigwa msumari. Mjukuu wa dada yangu ndiye aliyevitengeneza jana jioni. Nikivitoa hapa dirishani, mnaona, vinazunguka. Upepo utoke kusi, utoke kaskazi, uwe matlai au umande, vifuu hivi huzunguka upande uleule mmoja, vikitangulia kwa mgongo. Ndiyo maana kipimaupepo cha vikombe hakihitaji kugeuzwa kuutazama upepo, na ndiyo maana kimedumu zaidi ya miaka 170 huku vyombo vingine vingi vikiingia makumbusho.

Vinazungushwa na nini? Aliyewahi kutembea na karai mkononi siku ya kusi kali anajua tofauti ya kuligeuzia upepo mdomo na kuligeuzia kitako. Tofauti hiyo imepimwa. Nusu tufe tupu, mdomo ukiutazama upepo, ina namba ya ukinzani ya karibu 1.4. Ukiigeuza mgongo uutazame upepo, inashuka mpaka karibu 0.4. Yaani mdomo hushika upepo mara tatu na nusu kuliko mgongo.

Sasa naomba mnivumilie kwa hesabu fupi, kwa sababu ndani yake kuna mtego uliomnasa mtu mkubwa kuliko sisi sote. Chukueni vikombe viwili tu. Kimoja kinasukumwa na upepo mdomoni. Huku kikisukumwa kinaukimbia upepo uleule, kwa hiyo kinauhisi pungufu: kasi ya upepo, toa kasi yake. Cha pili kinarudi kwa mgongo kupambana na upepo, kwa hiyo kinauhisi zaidi: kasi ya upepo, jumlisha kasi yake. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi. Rota, yaani vikombe pamoja na mikono yake, hutulia kwenye mwendo ambao nguvu hizi mbili zimelingana. Kipeuo cha pili cha 3.5 ni 1.87, na mkiendelea mtakuta vikombe vinakwenda kwa karibu 0.3 ya kasi ya upepo. Kwa maneno mengine, upepo una kasi mara 3.3 ya vikombe. Hiyo ndiyo namba ninayoiita leo kizidishi.

Tazameni kilichokosekana katika hesabu hiyo. Hamna uzito wa hewa, na hiyo ni neema: ndiyo maana vikombe vilevile vinafaa Tanga usawa wa bahari na Makambako juu kwenye baridi. Lakini pia hamna ukubwa wa kikombe wala urefu wa mkono. Hesabu inakuambia kwamba rota yoyote, kubwa au ndogo, ina kizidishi kimoja. Hapo ndipo penye mtego.

Aliyenasa ni Thomas Romney Robinson, mwanaastronomia wa Ayalandi, aliyeongoza kituo cha kutazamia nyota cha Armagh tangu 1823 mpaka alipofariki 1882. Mwaka 1846 aliuonyesha ulimwengu wa sayansi kipimaupepo chake cha vikombe vinne vya nusu tufe. Kilikuwa chombo kizuri mno. Na Robinson akasema vikombe hukimbia kwa theluthi moja ya kasi ya upepo, hata vikombe viwe na ukubwa gani na mikono iwe na urefu gani. Zidisha kwa 3, basi. Namba nyepesi kukumbuka, nyepesi kufundisha. Ikaenea. Vituo vya Uingereza vikaitumia, vya Marekani vikaitumia, na madaftari ya dhoruba yakajaa kwa miaka mingi.

Usiku wa 28 Desemba 1879 dhoruba ililiangusha daraja la reli la Tay, Uskoti, treni likiwa juu yake. Kila aliyekuwa ndani alikufa. Baada ya msiba ule wahandisi waliuliza swali rahisi: upepo hasa hupiga kwa nguvu gani? Ikaonekana kwamba waliokuwa na kazi ya kujibu hawakuwa na uhakika na vyombo vyao. Mmoja aliyelishughulikia swali hilo ni William Henry Dines, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza. Alijenga mashine yenye mkono mrefu unaozungushwa kwa mvuke, akafunga vipimaupepo kwenye ncha ya mkono, akavipeleka hewani kwa mwendo aliokwisha kuujua. Kipimaupepo cha Kew, kituo cha uchunguzi karibu na London, kilichokuwa ndicho cha kawaida Uingereza, kilikuwa na vikombe vya kipenyo cha inchi 9, kama sentimita 23, kwenye mikono ya inchi 24, kama sentimita 61. Kizidishi chake hakikuwa 3. Kilikuwa karibu 2.2.

Pigeni hesabu wenyewe. Dhoruba iliyoandikwa maili 100 kwa saa ilikuwa kweli maili 73. Si chombo kilichoharibika, wala mwangalizi hakulala. Waangalizi wale walisoma sawasawa, wakaandika kwa mwandiko mzuri, na dhoruba zao zote zilikuwa zimeongezwa zaidi ya theluthi, kwa sababu namba ya rota moja ilivalishwa rota zote.

Nampenda Robinson kwa jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka. Mwaka 1878, akiwa na miaka themanini na ushei, alichapisha majaribio mapya ya kutafuta kizidishi cha chombo chake mwenyewe kwa mashine ya kuzungusha. Mzee yule alirudi kuikagua namba iliyobeba jina lake, wakati angeweza kukaa na heshima zake akanywa chai. Wanafunzi, mkumbukeni kwa hilo kabla ya kumkumbuka kwa 3.

Kwa nini basi umbo linaingilia? Kwa sababu kikombe halisi si ile nusu tufe ya hesabu yangu inayokwenda mstari ulionyooka. Kinazunguka. Katika mzunguko mmoja kinautazama upepo kwa kila pembe, na nguvu inayopata hubadilika kwa kila pembe. Upande wa kikombe ulio karibu na mhimili huenda polepole kuliko upande wa nje, na mikono ikiwa mifupi tofauti hiyo huwa kubwa. Vilevile kikombe kimoja hupita katika hewa iliyokwisha kuvurugwa na mwenzake. Mikono mifupi, vikombe vinasumbuana. Mikono mirefu, kila kimoja kinapata nafasi, lakini rota inakuwa nzito kuianzisha na nzito kuisimamisha. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Madrid limefanya kazi ya subira sana katika jambo hili: kuchukua kiwiliwili kilekile cha kipimaupepo, kubadilisha vikombe na mikono tu, na kupima upya kila mara. Hitimisho lao naliamini kwa sababu nimeliona kwa macho yangu: uwiano wa kikombe kwa mkono ndio unaotawala mwendo wa rota.

Mfano wa siku hizi. Kuna kipimaupepo cha Marekani, NRG #40, ambacho wengi wenu mmekiona kwenye milingoti ya kutafutia umeme wa upepo. Kina vikombe vitatu vya umbo la pia, vya plastiki nyeusi, kila kimoja na kipenyo cha milimita 51. Kwa kila mzunguko hutoa mapigo mawili. Namba yake inayojulikana ni hii: kasi ya upepo ni 0.765 mara idadi ya mapigo kwa sekunde, jumlisha 0.35. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni mita 1.53 za upepo zilizopita. Mkigawa kwa mzingo wa duara ambalo vitovu vya vikombe hulichora, mtapata kizidishi cha karibu 3.5. Wekeni 3.5 hiyo kando ya 2.2 ya Kew. Vyote viwili ni vipimaupepo vya vikombe, vyote viwili ni vizuri, na anayebadilishana namba zao ameharibu kila kitu.

Ile 0.35 ya mwisho nayo ina maana. Upepo mdogo sana hauwezi kushinda msuguano wa beringi. Hiyo ni namba ya beringi zaidi kuliko ya vikombe, na huongezeka chumvi na vumbi vikiingia. Nyinyi wa vituo vya pwani mnanielewa.

Nije kwenye idadi. Kwa nini vitatu na si vinne? Mwaka 1926 Mkanada John Patterson, aliyekuja kuongoza huduma ya hali ya hewa ya nchi yake, alizipima rota kwa makini akakuta kwamba kikombe hutoa nguvu kubwa kabisa ya kuzungusha kinapokuwa katika pembe ya nyuzi 45 na upepo. Rota ya vikombe vinne ina jozi zinazotazamana: vyote vinafika penye nguvu pamoja, vyote vinafika penye unyonge pamoja. Mzunguko unakwenda kwa kuvutwa na kuachiwa. Vikiwa vitatu, mmoja anapochoka mwenzake ameshapokea, kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Rota ya Patterson ilizunguka kwa nguvu iliyo sawa zaidi na iliitika dharuba, yaani upepo unaovuma kwa ghafla, upesi kuliko ya vikombe vinne, na kosa lake lilibaki chini ya asilimia 3 mpaka maili 60 kwa saa.

Na kwa nini umbo la pia badala ya nusu tufe? Hapa niseme kwa lugha ya mpira. Mpira laini ukipigwa polepole, hewa huuachia mapema. Ukipigwa kwa kasi, hewa huukumbatia mpaka nyuma zaidi kabla ya kuachia, na ukinzani hubadilika. Mgongo wa mviringo wa nusu tufe una tabia hiyohiyo. Kwa hiyo kizidishi cha nusu tufe hukataa kukaa mahali pamoja: upepo mdogo kina namba hii, upepo mkubwa kina namba nyingine. Kikombe cha umbo la pia hakina mviringo wa kuikumbatia hewa hivyo. Hewa huachia kwenye ukingo, na ukingo hauhami. Baadhi ya mafundi huongeza ukanda mnene mdomoni mwa kikombe kwa sababu hiyohiyo. Vidole vyenu vikipita kwenye ukingo mkahisi uvimbe mdogo, msidhani ni plastiki iliyobaki kiwandani, mkaikata kwa kisu. Nimeona ikikatwa.

Sasa niwape kisa changu, na naomba radhi kwamba sitataja kituo. Ilikuwa pwani. Upepo mkali wa masika ulivunja mkono mmoja wa rota, na fundi akaleta rota nyingine kutoka stoo. Tundu la mhimili lilikuwa sawasawa, skrubu ileile, rangi ileile. Iliingia kama imetengenezwa kwa ajili yake. Niliipokea mimi na niliisaini mimi. Ya zamani ilikuwa na vikombe vya pia na mikono mifupi. Mpya ilikuwa na vikombe vya nusu tufe na mikono mirefu kidogo. Namba katika kisanduku cha kurekodi haikuguswa: mita 1.5 kwa mzunguko.

Mwezi wa Juni ukafika, kusi ikaanza. Nilipozitazama jedwali nikaona kusi ya mwaka ule imepungua. Julai ikawa vivyo hivyo. Mvuvi mmoja jirani, mzee wangu, nikamwambia, "Mzee, kusi ya mwaka huu ni dhaifu." Akanitazama muda mrefu. Akaniambia, "Mwanangu, ngalawa zimelala ufukweni siku ya tisa leo. Udhaifu huo umeuona wapi?"

Nilirudi kituoni moyo ukinidunda. Tulipandisha kipimaupepo kingine kilichohakikiwa kwenye mlingoti uleule, tukaviacha viwili wiki mbili. Rota mpya ilihitaji mita 1.8 za upepo kwa mzunguko. Upepo wa mita 9 kwa sekunde sisi tuliuandika 7.5. Chombo kilikuwa kizima kabisa, na kwa muda wote ule kilikuwa kikisema uongo ambao mzee asiye na chombo aliubaini kwa kutazama ngalawa. Tulizirekebisha takwimu, tukaandika maelezo katika daftari, lakini taarifa zilizokwisha kutumwa zilikwisha kutumwa. Nimelibeba jambo hilo mpaka leo, na ndiyo sababu nilipoombwa kuzungumza nikachagua vikombe.

Mtu atasema, mita moja na nusu ya tofauti si kitu. Basi tuzungumze umeme. Nishati ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi mara kasi mara kasi. Ukikosea kasi kwa asilimia 3, umekosea nishati kwa asilimia 9 na zaidi. Kosa langu la kusi lingeonyesha nishati ya asilimia 58 tu ya iliyokuwepo. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Ngong wana yao. Mufindi, kwetu, Mwenga wana mitambo yao michache. Hakuna mkopeshaji anayetoa fedha ya mradi wa namna hiyo kabla ya kuona upepo umepimwa kwa mlingoti, na juu ya mlingoti, mara nyingi, ni vikombe vitatu vinavyotosha kwenye kikapu kidogo cha sokoni. Kiwango cha kimataifa cha kupima mitambo ya upepo hakiishii kutaka kipimaupepo kihakikiwe. Kinavipanga vipimaupepo kwa madaraja, kulingana na jinsi kila umbo linavyostahimili upepo wa vurugu, upepo unaopanda mlima, na badiliko la joto.

Kuhusu upepo wa vurugu kuna jambo moja la umbo ambalo napenda mlijue. Dharuba ikija, vikombe huukimbilia upepo haraka. Dharuba ikipita, huchelewa kupunguza. Ni kwa sababu ya ile tofauti ya mdomo na mgongo: nguvu ya kuharakisha ni kubwa kuliko nguvu ya kuzuia. Kwa hiyo wastani wa upepo unaopanda na kushuka husomeka juu kidogo ya kweli. Kosa hili ni dogo kwa rota nyepesi, lakini kama mwamba ngoma, daima huvutia upande wake. Huwezi kulifuta kwa kupima muda mrefu. Dawa ni rota nyepesi yenye mikono mifupi. Kipimo cha wepesi huo hutajwa kwa mita, si kwa sekunde: urefu wa upepo unaopaswa kupita kabla rota haijaitika sehemu ya asilimia 63 ya badiliko. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linapendekeza mita 2 mpaka 5. Kipimaupepo cha Kew, na mikono yake ya sentimita 61, kisingefika hapo hata siku moja.

La mwisho kabla hatujatoka. Rota ya vikombe vitatu vilivyo sawa hubadilisha mwendo wake kidogo mara tatu kwa kila mzunguko, mara moja kwa kila kikombe. Kikombe kimoja kikibonyea, labda kwa kunguru aliyejaribu kutua, au kwa rota iliyowekwa chini ya magunia kwenye gari, litatokea badiliko la mara moja kwa mzunguko, kama gurudumu lenye nundu. Wenye vyombo vya kurekodi kwa kasi kubwa wanaweza kuliona hilo wakiwa mbali na mlingoti. Sisi tusio navyo tuna macho na vidole. Kikombe kilichobonyea ni umbo jipya, na umbo jipya lina kizidishi chake ambacho hakuna aliyekipima.

Mlingoti wa hapa uwanjani umeshalazwa. Kwenye kasha la mbao pale mlangoni kuna rota tatu; mbili zinafanana sana, lakini si moja. Kila kikundi kichukue moja, kipime kipenyo cha kikombe na urefu wa mkono kutoka kitovu mpaka katikati ya kikombe, kipapase kingo zote, kisha kitafute namba yake kwenye karatasi za uhakiki zilizo mezani. Kalamu zisizofutika ninazo mimi. Namba mtaiandika chini ya kitovu cha rota yenyewe, mahali ambapo mvua haifiki, pamoja na tarehe ya leo.